Fundi Waya na Ngazi ya Kwanza

Hospitali hii imejaa watu waliosoma mpaka macho yameingia ndani, wana kalamu nne nne mfukoni, na bado karani wa masjala amekuja mpaka stoo kwangu kunisumbua mimi. "Bibi Funguo, Fundi Waya anaondoka Ijumaa. Tunamtengenezea kitabu cha kumuaga, kila mtu anaandika ukurasa mmoja. Wewe ndiye unayemjua kuliko wote, tuandikie maisha yake."

Nikamuuliza, "Maisha yake yote, ukurasa mmoja?"

"Kwa ufupi, Bibi."

Kwa ufupi! Mimi shule nilikwenda miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo mwalimu ndiye aliyekuwa haji. Kuandika jina langu tu kunanimalizia asubuhi. Nikamwambia aondoke na daftari lake. Alipofika mlangoni nikakumbuka kwamba nisipoandika mimi ataandika mfamasia, na mfamasia ni mwongo. Nikamwita, nikamnyang'anya daftari. Sasa naandika, na ukurasa mmoja hautanitosha. Anayeona ni ndefu aruke, mimi sitajua.

Fundi Waya alikuja hapa miaka minane iliyopita kuchapa barua. Si fundi alikuwa, alikuwa mchapaji. Mwanamke mrefu, miguu mikubwa, anavaa makubazi ya kiume na soksi, na akicheka anakoroma kama punda aliyeona maji. Baba yake alikuwa akitengeneza redio kwenye chumba kisicho na dirisha. Wenzake wakicheza nje, yeye alikuwa amekaa chini ya meza ya baba yake akimpa skrubu, akijifunza waya upi unauma na upi hauumi. Mume alimpata. Mume huyo akaaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na inaelekea bado anaitafuta. Akamwachia mabinti wawili, na yeye mwenyewe ana mama yake ambaye macho yamefifia. Nyumba nzima inasimama kwenye makubazi hayo.

Uchapaji aliuweza, lakini mikono ilikuwa inamwasha. Mashine ya kuchapia ikikwama, anaifungua. Kompyuta ya maabara ikinuna, anaifungua. Wakati huo hospitali ilikuwa imeletewa rauta. Wageni waliokuja kuifunga waliitundika juu ukutani, kwenye korido, mlango wa pili kutoka stoo yangu, wakaacha namba ya simu ambayo haijapokelewa mpaka leo. Rauta ni kisanduku cheusi chenye taa za kijani. Kompyuta zote zinapitia hapo: mapokezi wanaandika mgonjwa, maabara wanamwona, majibu yanarudi kwa daktari, dawa zinatoka dirishani. Kikilala kile kisanduku, hospitali nzima inarudi kukimbizana na vikaratasi. Siku moja kililala, nesi mmoja akabeba majibu ya mkojo ya watu wanne mkononi, akayapanga anavyojua mwenyewe, na mzee mmoja wa makamo akaambiwa ana mimba. Alikaa benchi nusu saa anahesabu miezi.

Kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine, Fundi Waya akakichukua kile kisanduku kama mtu anavyochukua mtoto wa jirani aliyesahauliwa. Hakuna aliyemteua. Siku ya kwanza alikuja kuazima ngazi yangu, ile ya mbao, vipandio tisa, cha nne kimefungwa kamba. Nikamwambia aandike kwenye kitabu.

Hapo lazima niwaeleze kitabu, maana bila kitabu hakuna habari. Zamani, kabla sijakabidhiwa funguo, ufunguo wa stoo ya mashuka ulikuwa unaning'inia msumarini, anayetaka anachukua. Mashuka yakawa yanatembea. Ukiuliza nani kafungua, unajibiwa, "Ufunguo ulikuwa hapo." Kana kwamba ufunguo uliamka, ukanyoosha mgongo, ukajifungulia. Siku niliyokabidhiwa kazi niling'oa ule msumari. Kila mtu ana ufunguo wake, wa mlango wake tu. Akitaka mlango usio wake, anaandika kitabuni: jina, saa, sababu. Mashuka yakatulia. Sasa nina funguo arobaini na moja kiunoni, nikitembea nasikika kabla sijaonekana, na sijawahi kumpa mtu ufunguo kwa sababu ana sauti kubwa. Mganga Mkuu mwenyewe aliwahi kuutaka wa chumba cha dawa. Nikamuuliza sababu. Mpaka leo anaitafuta.

Sasa turudi kwa Fundi Waya, kwenye ule mwaka wa matatizo.

Ulikuwa mwezi mmoja tu, lakini rauta ilizimika mara tatu. Si kuharibika. Taa zinawaka, lakini hakuna kinachopita. Kila mara Fundi Waya anapanda ngazi yangu, anachomeka waya wake, anahangaika mpaka adhuhuri, inarudi. Mara ya tatu ilikuta mama mmoja yuko kwenye meza ya upasuaji, na majibu ya damu yake yamekwama maabara. Mtu wa maabara alikimbia nayo, akateleza, akafika kwa magoti. Mama alipona, lakini watu waliogopa.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, Mganga Mkuu akasimama mbele ya wote. Mganga Mkuu wetu mnamjua: mfupi, nadhifu, kichwa hakina hata unywele mmoja, kinang'aa utadhani kimepigwa rangi ya kucha. Akanyoosha kidole.

"Wewe, Fundi. Wiki mbili zijazo bodi inakuja. Mtandao ukizimika tena, hata kwa dakika tano, ufunge virago ukachape barua kwingine."

Watu wakatazama sakafu. Fundi Waya akasema, "Sawa, Mkuu," kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua.

Baadaye akaja stoo. Hakulia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa bisibisi mdomoni, akaanza kutukana. Nilimwacha amalize, maana alikuwa anatukana kwa mpangilio.

"Bibi, si mbovu ile rauta. Kuna mtu anaingia anazima njia."

"Njia gani?"

"Kila idara ina njia yake. Halafu kuna njia kuu, inabeba zote. Kuna mtu anaingia, anafunga hii, anafungua ile, na siku hizo tatu alifunga njia kuu yenyewe."

"Nani?"

"Ndiyo inaniua. Rauta inaandika kila kitu: nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini. Nimesoma yote. Kila mstari umeandikwa jina moja: msimamizi."

"Basi mkamate huyo msimamizi."

"Msimamizi ni mimi, Bibi. Na ni matroni. Na ni mfamasia. Ni yeyote mwenye macho! Hujaiona ile plasta?"

Nilikuwa nimeiona, nikadhani ni mgonjwa kaibandika kwa utundu. Wale wageni waliofunga rauta walikata plasta ya kidonda, wakaibandika ukutani chini ya kisanduku, wakaandika kwa herufi kubwa: jina ni msimamizi, neno la siri ni moja mbili tatu nne tano. Siri hiyo! Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi arobaini angeikumbuka.

Nikamwambia, "Mwanangu, huo ni ufunguo wa mashuka."

"Nini?"

"Ufunguo mmoja, msumarini. Rauta yako haina kosa, inasema tu kwamba ufunguo ulikuwa hapo. Ng'oa msumari. Mpe kila mtu ufunguo wake, wa mlango wake, na jina lake kitabuni."

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona, mimi niliyemwazima ngazi miaka yote hiyo. "Bibi, hebu rudia, taratibu."

Nikarudia. Wengine watawaambia alisoma vitabuni. Vitabu alivisoma, sikatai. Lakini wazo lilitoka kwenye stoo hii, juu ya ndoo ile ya bluu, na ndoo bado ninayo.

Akanieleza kwamba rauta inaruhusu. Kila mtu anatengenezewa akaunti yake: jina la kuingilia, na nywila, yaani neno lake la siri. Mimi nikasikia nywele.

"Kila mtu lazima awe na nywila yake," akasema. "Hata Mganga Mkuu. Sasa hivi hana nywila."

"Hilo tunaliona sote, mwanangu. Zilikwisha zamani."

Alicheka akakoroma mpaka akaanguka kwenye ndoo. Ndipo nikajua atapona.

Halafu kuna ngazi. Rauta haiwapi watu wote nguvu sawa, inawapanga kwa ngazi, na zake ni kumi na tano. Nikashindwa kuelewa, akaiegemeza ngazi yangu ukutani akanifundishia hapo hapo. Akagusa kipandio cha chini kabisa kwa kubazi lake.

"Hii ndiyo ngazi ya kwanza. Aliyeko hapa anaona taa, anaona kama mtandao upo au haupo, basi. Hawezi kugusa kitu." Akapanda mpaka katikati. "Hapa tuseme ngazi ya saba. Anaweza kuzima na kuwasha njia ya idara yake peke yake. Ya jirani hawezi." Akapanda juu, kichwa kikagusa dari. "Na hapa ya kumi na tano. Huyu anaweza kila kitu. Anaweza hata kufuta kila kitu."

"Ngazi yangu ina tisa."

"Ya rauta ina kumi na tano."

"Inajidai."

Kesho yake akaanza kuzunguka na fomu: jina, idara, ngazi, saini. Nilitarajia ugomvi, lakini si wa aina ile. Watu walisikia neno ngazi, wakadhani vyeo vimefika. Korido nzima ikawaka. Matroni aliposikia amepewa ya saba sawa na mfamasia, alikataa kusaini.

"Mimi na huyu muuza vidonge ngazi moja?"

Mfamasia akamjibu, "Dada, nipandishe basi wewe, nione kama utafika bila kuhema."

"Nikupandishe wapi? Mtu ambaye hata koti linamvaa yeye!"

Fundi Waya akawa anaeleza mlango kwa mlango kwamba hakuna cheo hapo, kwamba ni milango tu, kila mtu na mlango wake. Hawakumwamini, lakini wakasaini shingo upande. Mpishi alitaka ngazi naye. Akaulizwa ana kompyuta gani. Akasema hana, lakini hataki kuachwa nyuma.

Mmoja akabaki, na huyo ndiye aliyemkosesha Fundi Waya usingizi. Alikuwa ameshaanza kuhisi ni nani anayezima njia, kwa sababu siku zote tatu ilikuwa ni kama saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi kuna mtu mmoja tu hospitali hii anayekuwa hana kazi. Lakini ushahidi hakuwa nao, na yule mtu ndiye mkubwa wake. Mkubwa ataomba ya juu. Utamnyimaje? Na ukimpa, atazima tena, na wewe ndiye utakayefunga virago. Alilizungusha mpaka likamchosha. "Nitampa kumi na tano, Bibi. Sina namna."

Hakulazimika kumwendea. Mganga Mkuu alikuja mwenyewe, tukiwa koridoni, yeye Fundi Waya juu ya ngazi na mimi nimeishika chini isiyumbe.

"Fundi! Nasikia unagawa ngazi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nasikia ziko kumi na tano."

"Ndiyo, Mkuu. Nilikuwa nakuja kwako kuku—"

"Sikiliza. Mimi mambo yenu ya kumi na nne, kumi na tano, sitaki kuyasikia. Mnataka kuniweka mwisho wa foleni? Katika hospitali hii nani wa kwanza?"

"Ni wewe, Mkuu."

"Basi niandike ngazi ya kwanza."

Fundi Waya akashuka taratibu, uso umebadilika. Ni mtu mkweli, na ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. "Mkuu, ngazi ya kwanza kwa kweli ni ile ya—"

Nikamkanyaga. Nina kilo zangu, na nilimkanyaga zote.

"Mkuu kasema ya kwanza," nikasema. "Wewe nani umpangie?"

"Mwambie, Bibi!" Mganga Mkuu akasema, kifua mbele. Akaichukua fomu, akajaza kwa mkono wake mwenyewe, tarakimu moja kubwa kama mlingoti, akapigia mstari mara mbili, akasaini. "Na nani mwingine yuko ngazi ya kwanza?"

"Hakuna, Mkuu," akasema Fundi Waya akishika mguu. "Uko peke yako."

"Vizuri. Ibaki hivyo."

Alipoondoka nilisemwa mimi. Kwamba nimemfanya amdanganye Mkuu. Nikamwambia, "Umemdanganya wapi? Mtu kaomba chai, kapewa chai. Aende akashtaki kwamba kaungua?"

Ya kumi na tano akaichukua yeye mwenyewe. Na kwa kuwa mtu huweza kuugua au kugongwa na baiskeli, aliandika nywila yake kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa nta, akaniletea.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe hutoi ufunguo hata kwa mwenye mlango."

Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo. Kisha tukaenda pamoja kuibandua ile plasta. Ilitoka na rangi ya ukuta.

Siku kumi mtandao haukuyumba. Mganga Mkuu anapita koridoni anawaambia watu, "Mnaona? Tangu nilipochukua ngazi ya kwanza, mambo yamenyooka." Na ilikuwa kweli tupu. Fundi Waya akiinamisha kichwa, mimi nikitikisa funguo nisicheke.

Lakini kila asubuhi alikuwa anasoma yale maandishi ya rauta, na sasa majina yalikuwapo. Mistari ilikuwa inasema: Mkuu, saa nne na dakika kumi, kajaribu kuzima njia ya maabara, kakataliwa. Mkuu, saa nne na dakika kumi na mbili, kajaribu kuzima njia kuu, kakataliwa. Alinisomea, hakucheka. Kompyutani kukataliwa kunaandikwa kwa herufi ndogo pembeni, na Mkuu akishabonyeza hasomi, anainuka. Akaichapa ile orodha, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sitaitoa," akasema. "Nikiitoa nitaonekana nimemtega mkubwa wangu." Alikuwa anataka bodi ije, iondoke, abaki na kazi yake. Hakutaka zaidi ya hapo.

Bodi ikaja Alhamisi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwalimu mstaafu, ana miwani ya kamba, akikutazama unajikuta umeficha mikono. Mimi nilikuwa napeleka chai, na nikishapeleka chai huwa siharakishi kutoka.

Mganga Mkuu aliwasha kompyuta yake, picha ikatokea ukutani, kubwa. Akasema, "Ndugu wajumbe, nimechukua usimamizi wa mtandao mikononi mwangu mwenyewe. Tazameni. Nazima njia ya maabara, nawasha tena. Hakuna atakayehisi."

Akabonyeza. Ukutani yakatokea maneno, kila herufi kubwa kama sahani: HUNA RUHUSA.

Akakohoa. Akabonyeza tena. HUNA RUHUSA. Akabonyeza kwa nguvu, kama kuna mtu ndani asiyesikia. HUNA RUHUSA.

Mama Mwenyekiti akavaa miwani. "Daktari, hebu nisaidie hapo. Yanasema nini?"

"Ruhusa gani? Ya nani? Ruhusa ni mimi! Mwiteni Fundi!"

Fundi Waya akaja na makubazi yake, bisibisi mkononi. Alipoona ukuta, alielewa. Mganga Mkuu alikuwa amesimama, kichwa chote kimekuwa chekundu.

"Huyu mwanamke amenifungia nje ya hospitali yangu! Mbele ya bodi! Leo leo, kabla jua halijasogea, awe amefunga virago!"

Nikajua Fundi Waya anawaza nini, mabinti wawili na mama asiyeona mlango. Akatoa fomu. "Mkuu alichagua ngazi mwenyewe. Saini yake hii."

"Nilichagua ya kwanza! Ya juu!"

"Ya kwanza siyo ya juu, Mkuu."

"Ya kwanza ikawaje ya chini? Umesikia wapi? Mwanafunzi wa kwanza yuko chini? Mgeni wa kwanza yuko chini?"

Wajumbe wakatazamana. Alikuwa anaongea kitu kinachoingia akilini, huo ndio ubaya wake, na wawili kati yao nikaona wanatikisa kichwa kukubaliana naye. Basi nikaweka birika mezani, nikatoka, nikarudi na ngazi yangu, kitabu kwapani. Iligonga mlango, ikagonga kiti cha mjumbe mmoja. Nikaiegemeza ukutani, juu ya yale maneno.

"Mama Mwenyekiti, samahani. Mimi sikusoma. Nionyeshe kipandio cha kwanza."

Mganga Mkuu akasema, "Nani kamruhusu huyu bibi?" Mama Mwenyekiti akamwinulia mkono kama anavyonyamazisha darasa. Akainuka, akatembea mpaka kwenye ngazi, akainua mguu, akakanyaga kipandio cha chini.

"Hiki," akasema.

"Basi Mkuu yuko hapo. Aliomba mwenyewe, nikiwa nimeshika ngazi."

Mjumbe mmoja aliingiza chai puani. Mwingine akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, na meza ikawa inatikisika.

Mama Mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia Fundi Waya. "Kwani angekuwa juu, angefanya nini?"

Fundi Waya akanitazama. Kisha akatoa ile karatasi iliyokunjwa, akampa. Mama Mwenyekiti akasoma kimya, midomo inahesabu. "Daktari, ndani ya siku kumi, mara kumi na moja umejaribu kuzima njia za wenzako. Maabara. Wadi ya wazazi. Njia kuu, mara nne. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa napunguza msongamano. Mtandao ofisini kwangu unasuasua. Ukizima za wengine, yangu inakwenda mbio, na njia kuu nilidhani ni ya wengine wote. Siku zote nafanya hivyo na—"

Akakoma. Alikuwa amesikia anachokisema. Akanywea kama puto.

"Siku zote," akasema Mama Mwenyekiti.

Mganga Mkuu hakuwa amekwisha. Akanigeukia mimi. "Bahasha! Nasikia bahasha ya kumi na tano unayo wewe. Ilete. Nitarekebisha mwenyewe."

Nikamfungulia kitabu mezani, nikamwekea kidole kwenye mstari. "Jina, Mkuu. Saa. Sababu."

Akaandika jina. Akatazama saa, akaandika saa. Kalamu ikafika kwenye sababu, ikasimama. Wote tulikuwa tunaitazama ile kalamu. Ilikaa hapo mpaka wino ukaacha doa. Kisha akaifunika, akaitia mfukoni na zile nyingine tatu.

Doa lipo. Asiyeamini aje aone.

Bodi ikaamua ngazi zibaki zilivyo, zote. Fundi Waya akateuliwa rasmi, na barua ya uteuzi alijichapia mwenyewe kwa sababu mchapaji mwingine hakuwapo. Kesho yake Mganga Mkuu alikuja stoo peke yake. Akaitazama ngazi. Akakanyaga kipandio cha chini, akapima kwa mguu.

"Kumbe cha kwanza ni hiki."

"Ndicho, Mkuu. Ndiyo maana ulipoanguka hukuumia."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamletea Fundi Waya kiti cha ofisi chenye magurudumu. Mkuu, najua utakisoma kitabu hiki. Kama nimetia chumvi mahali, njoo, utaandika kitabuni: jina, saa, sababu.

Hiyo imepita miaka minne. Hospitali kubwa wamemsikia, wamemtaka, na Ijumaa anakwenda, na mabinti, na mama yake, na makubazi. Ameshamfundisha mtu wa maabara, yule aliyefika kwa magoti. Ameshaandika bahasha mpya, nami ninayo. Imebaki kitu kimoja: jina lake mwenyewe. Anataka kupanda mwenyewe, achomeke waya wake kwa mara ya mwisho, ajifute, ashuke, asaini kitabuni. Nilimwambia hilo linaweza kufanywa na mwingine akishaondoka. Akasema, "Bibi, mtu anayeondoka anarudisha ufunguo mwenyewe." Maneno hayo kayatoa kwangu.

Sasa wewe, karani wa masjala, uliyenipa daftari hili. Umesoma mpaka hapa, vizuri. Ngazi yangu haipo stoo tangu Jumatatu. Kitabuni pana jina lako, pana saa, na sababu uliyoandika ni "dakika mbili". Irudishe kabla ya Ijumaa asubuhi. Usimtume mtu. Ibebe mwenyewe begani, upite nayo korido nzima watu wakuone, na kama kamba ya kipandio cha nne imelegea, njoo umeshaikaza.